Mstari wa Mungu na Mstari wa Watu: Je, Jinsia Imetungwa na Jamii?

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 1:26–31, Hesabu 27:1–11, Isaya 56:3–8, Mathayo 19:3–12, Matendo 8:26–40, Matendo 17:24–28.

Wazo kuu: Si kila mstari unaotenganisha watu ulichorwa na Mungu, na si kila mstari ulichorwa na watu. Mkristo aliyekomaa anajua kuitofautisha, na anajua jinsi ya kumtendea mtu anayejikuta juu ya mstari.



Somo la juma hili limetokana na swali la vijana wetu walio vyuoni. Darasani wanafundishwa kwamba jinsia, rangi ya watu na hata makabila ni mambo yaliyotungwa na jamii. Wakirudi nyumbani wanaambiwa fundisho hilo ni la shetani, Mungu aliumba mume na mke, mjadala umefungwa. Kijana anabaki katikati. Anaona ni lazima atupe Biblia au atupe vitabu. Na sisi wakubwa mara nyingi tunajibu kwa sauti ya juu kwa sababu hatuna jibu la kutosha.

Hebu tulichukue jambo hili polepole. Kuna mahali ambapo mhadhiri anasema kweli, tena kweli ambayo Biblia iliisema kabla yake. Kuna mahali ambapo anavuka mpaka. Na kuna watu tunaoketi nao katika viti hivi kila Jumapili ambao usalama wao, na wakati mwingine uhai wao, unategemea sisi kujua tofauti.

1. KUTUNGWA NI NINI?

Toa noti ya shilingi 1,000 mfukoni uiangalie. Ni karatasi. Mbuzi akiipata ataila kama gazeti. Thamani yake haiko katika wino. Iko katika makubaliano yetu. Mnakumbuka mwaka 2019? Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za 1,000 mwisho wake ni Septemba 30. Oktoba 1 ilipofika, noti iliyolala chini ya godoro ikiwa pesa iliamka ikiwa karatasi. Picha ilikuwa ileile, wino uleule. Kilichobadilika ni makubaliano.

Hicho ndicho kitu kilichotungwa na jamii. Lakini angalia: kutungwa si sawa na kuwa uongo. Hakuna anayedaiwa kodi ya nyumba anayeweza kumwambia mwenye nyumba kwamba pesa ni mawazo tu. Kitu kilichotungwa kinaweza kukulisha na kinaweza kukuua.

Sasa njoo kwa mahindi. Mkulima akipeleka magunia kwenye bohari la NCPB, yanapimwa unyevu. Yakizidi asilimia 13.5 yanarudishwa yakaushwe. Unyevu wenyewe haujatungwa na mtu. Uko ndani ya punje, na mahindi mabichi yakihifadhiwa yataota kuvu na sumu hata kama hakuna kamati iliyokaa. Lakini ile 13.5 ni watu walioiweka. Punje yenye 13.4 na punje yenye 13.6 ni ndugu wa shamba moja, ila mstari umepita katikati yao.

Mimi nilisomea biashara, na huko tunafundishwa mapema kwamba kitu na jina la safu uliyokiandikia kitabuni ni mambo mawili. Kwa hiyo tuweke mambo matatu akilini. Kuna kitu chenyewe, kama unyevu. Kuna mstari tunaouchora juu ya kitu halisi, kama 13.5. Na kuna kitu ambacho kipo kwa makubaliano tu, kama thamani ya noti. Vurugu nyingi katika swali letu zinatokana na kuchanganya hayo matatu. Msomi anaona mstari umechorwa na watu, kisha anasema hata unyevu haupo. Mshirika naye anaona unyevu ni wa kweli, kisha anasema hata 13.5 ilishuka kutoka mbinguni. Wote wawili wameruka hatua.

Biblia yenyewe inatupa mfano mdogo. Walawi 11:13–19 inampanga popo pamoja na ndege. Kitabu cha biolojia kinampanga na wanyama wanaozaa na kunyonyesha. Je, popo amebadilika? Hapana. Sheria ya Musa ilikuwa inawaongoza Waisraeli kuhusu wasichokula, na iliweka vinavyoruka pamoja. Biolojia inafuata uzazi. Popo ni yuleyule, ila anapangwa kwa makusudi mawili. Kijana akichekwa chuoni kwa ajili ya andiko hilo, ana jibu.

2. MWILI: HAPA HATUKUTUNGA SISI

Mwanzo 1:27 inasema Mungu aliumba mwanadamu kwa mfano wake, mwanamume na mwanamke. Bwana Yesu alilirudia jambo hilo katika Mathayo 19:4. Kanisa linasimama hapo, na halina sababu ya kuona haya.

Hata ukiacha Biblia mezani kwa dakika moja, ukweli huu hauhitaji mkutano wa kuupitisha. Ili mtoto apatikane inahitajika mbegu ya aina mbili, ile ndogo ya mume na lile yai kubwa la mke. Hakuna mbegu ya aina ya tatu. Ng'ombe wa Kajiado, kuku wa shosho, na binadamu wote wanafuata mpango huo, na ng'ombe hajawahi kufundishwa na jamii. Kama usiku wa leo dunia yote ingesahau maneno "mume" na "mke", miezi tisa haingeisha kabla hatujayahitaji tena.

Tena Kiswahili chetu kinatusaidia kuona kitu hapa. Tukisema "amefika", hatujasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza mara nyingi kinakulazimisha kuchagua ukimtaja mtu, Kiswahili kinakuacha. Kwa hiyo lugha kweli hukata mambo kila moja kwa njia yake. Lakini hakuna Mswahili aliyewahi kuchanganyikiwa kuhusu aliyemzaa. Lugha haigawi kwa kiambishi, na mwili bado unajulikana. Mwili ulikuwepo kabla ya sarufi.

Imani yetu pia inaupa mwili uzito mkubwa. Neno alifanyika mwili. Tunangoja ufufuo wa mwili. Kwa hiyo hatuwezi kufundisha kwamba mwili ni karatasi tupu ambayo jamii inaandika chochote inachotaka.

3. KAZI, DESTURI NA URITHI: HAPA TULIANDIKA SISI

Lakini sasa tuwe waaminifu upande wa pili. Mambo mengi tunayoyaita "ya kiume" na "ya kike" hayako katika Mwanzo 1. Biblia yetu ya Kiswahili inauita mkono wa kulia "mkono wa kuume", yaani mkono wa kiume. Mkono una uume gani? Mwanamke naye anao. Watu waliona mkono wa kulia una nguvu, wakaupa jinsia. Ndivyo tunavyofanya na mambo mengi.

Kujenga nyumba ni kazi ya nani? Ukiwauliza Wamaasai, desturi yao ni mwanamke ndiye anayejenga nyumba. Ukienda kwa Wajaluo, mwanamume ndiye anayetarajiwa kusimamisha boma lake. Sasa, nani kati yao amevunja agizo la uumbaji? Hakuna. Mungu aliumba mikono; jamii ikagawa kazi.

Angalia watu wa Biblia. Yakobo alipika dengu (Mwanzo 25:29). Rebeka alichota maji ya kuwanywesha ngamia kumi (Mwanzo 24), na kama umewahi kunywesha hata ng'ombe wawili kwa ndoo unajua hiyo si kazi ya mtu mlegevu. Debora aliamua kesi za taifa zima (Waamuzi 4). Mwanamke wa Mithali 31 ananunua shamba kwa akili yake mwenyewe. Lidia alikuwa mfanyabiashara wa zambarau. Na Bwana Yesu, baada ya kufufuka, aliwasha moto wa makaa akawaandalia wanafunzi samaki na mkate (Yohana 21:9). Ndugu yangu unayesema mwanamume haingii jikoni, umejifunza kwa nani?

Jambo hili lina uzito kuliko sufuria. Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walikwenda mbele ya Musa na wazee wote. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na desturi ilikuwa inataka jina lake na sehemu yake vipotee. Musa hakuwafukuza ati wanawake hawasimami barazani. Alipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wamenena haki, wapewe urithi. Mungu mwenyewe alitenganisha hapo: kuwa binti ni kazi yake, lakini kumnyima binti ardhi ilikuwa desturi ya watu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Lakini tunajua yanayotendeka. Baba akizikwa, wavulana wanaita mpimaji ardhi, wasichana wanaambiwa "nyinyi mtaolewa". Wengine wanaofanya hivyo wanaimba kwaya. Wanasema ni mpango wa Mungu, kumbe wanatetea mstari ambao Mungu aliufuta mbele ya Musa. Hapa mhadhiri yuko sahihi, na kanisa linapaswa kuwa mbele yake.

4. RANGI NA KABILA: MISTARI ILIYOMWAGA DAMU

Paulo akiwa Athene alisema Mungu aliwafanya watu wa kila taifa kutokana na mmoja (Matendo 17:26). Rangi za ngozi zipo, hilo ni wazi. Lakini zinapishana kidogo kidogo kama udongo unavyobadilika ukisafiri kutoka Kitui hadi Kericho. Hakuna mahali ulipowekwa uzio. Uzio uliwekwa na watu.

Afrika Kusini walifanya hivyo kwa sheria. Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake. Mtu akiwa na shaka, maofisa waliweza kumtia penseli kwenye nywele: ikianguka alihesabiwa mweupe, ikibaki hakuhesabiwa mweupe. Penseli! Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi waliohesabiwa weupe. Ngozi yake ilikuwa nyeusi zaidi na nywele zake za mviringo. Akiwa na miaka 10 alifukuzwa shuleni, serikali ikamwandika upya kuwa chotara, kisha baadaye ikamwandika tena kuwa mweupe. Mtoto huyo hakubadilika hata siku moja. Fomu ndiyo ilibadilika. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991.

Na kanisa lilikuwa wapi? Huko nyuma, mwaka 1857, sinodi ya kanisa kubwa la Kiholanzi huko Rasi iliruhusu waamini wasio weupe watengwe katika ibada kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Ilianza kama kuvumilia udhaifu. Baadaye ikahubiriwa kama mapenzi ya Mungu. Hiyo ndiyo safari ya mstari wa watu ukipakwa mafuta madhabahuni.

Sisi Wapentekoste tuna historia yetu pia. William Seymour, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alitaka kujifunza habari za Roho Mtakatifu huko Houston, Marekani. Sheria na desturi za ubaguzi hazikumruhusu kuketi darasani na wazungu, akasikilizia nje ya mlango. Mwaka 1906 ndiye aliyeongoza uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, ambako weusi na weupe waliwekeana mikono na kuomba pamoja. Roho hakungoja sheria ibadilike. Lakini haikuchukua miaka mingi, watumishi wakatengana tena kwa rangi. Roho alifuta, watu wakachora upya.

Na hapa kwetu? Jina "Kalenjin" lilianza kutumika katika miaka ya 1940, kuunganisha watu waliokuwa wakijulikana kwa majina yao, Nandi, Kipsigis, Tugen na wengine. "Mijikenda" ni miji tisa iliyokubali jina moja wakati huohuo. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wamakonde kuwa kabila la 43, na Waasia wa Kenya kuwa la 44. Hakuna mtoto aliyezaliwa upya siku hiyo. Ni gazeti la serikali lililochapishwa. Sisemi kabila ni uongo. Lugha ya mama ni tamu, na vyakula na nyimbo zetu ni baraka. Nasema kabila ni kama ile noti: lina nguvu kwa sababu tumekubaliana, na tunaweza kukubaliana vibaya.

Waamuzi 12 inasimulia watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumwambia kila anayepita atamke "Shibolethi". Aliyeshindwa kulitamka alichinjwa. Walikufa Waefraimu 42,000. Na Efraimu na Gileadi wote walikuwa uzao wa Yusufu. Tunasoma kama hadithi ya kale, lakini baada ya uchaguzi wa 2007 vizuizi viliwekwa katika barabara zetu na watu wakaulizwa majina na lugha. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste kama letu. Mstari ulikuwa wa watu. Damu ilikuwa ya kweli.

5. ALIYEZALIWA JUU YA MSTARI

Sasa tumefika mahali ambapo kanisa huwa linanyamaza. Tumesema mume na mke ni kazi ya Mungu. Je, mtoto anayezaliwa na mwili usioonyesha wazi kama ni mvulana au msichana? Kiswahili kinamwita huntha. Wengine husema mtu mwenye jinsia mbili.

Katika sensa ya 2019, kwa mara ya kwanza Kenya iliwahesabu. Tulikuwa watu 47,564,296. Wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, na huntha 1,524. Jumlisha bila hao 1,524 na hesabu haitimii. Mhasibu yeyote atakwambia huwezi kufunga vitabu kwa kujifanya hujaiona safu ya tatu. Na hiyo ni idadi ya waliotajwa tu, maana wengi wamefichwa.

Kabla ya hapo walikuwa hawana hata nafasi kwenye fomu. Kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2014, ya mtoto aliyetajwa kama "Baby A". Kwenye karatasi za hospitali, mahali pa kuandika jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake akaenda kortini. Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ishughulikie jambo la watoto hao, na mwaka 2017 jopo likaundwa. Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inampa mtoto huntha haki ya kutendewa kwa heshima, na inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo chake bila ushauri wa daktari mtaalamu.

Wazazi, sikilizeni hili kwa makini. Kuna hali ambapo mtoto wa kike anazaliwa na tezi zilizo juu ya figo zisizofanya kazi sawasawa, zikitoa homoni za kiume kwa wingi. Sehemu zake za siri zinaonekana kama za mvulana. Katika watoto wengi wenye hali hiyo, mwili pia hupoteza chumvi. Mtoto anatapika, anaishiwa maji, na anaweza kufa katika majuma ya kwanza. Lakini hali hii inatibika kwa dawa za kila siku. Sasa fikiria mama amejifungua, nyanya yake anasema ni laana, mtu anamwita mwombaji, mtoto anafichwa chumbani wafunge siku saba. Siku saba hizo ni uhai wa mtoto. Omba, ndiyo, lakini omba ukiwa njiani kwenda hospitali.

Kuna hali nyingine ambapo msichana anakua kama wasichana wote, lakini hedhi haiji. Akipimwa hospitalini, kromosomu zake ni zile za kawaida za wavulana, ila seli zake hazipokei homoni ya kiume. Huyo si mwongo wala si mchawi, na hajafanya agano na yeyote. Wake wangapi wamefukuzwa wakiitwa tasa waliolaaniwa, bila mtu kujua mwili wao ulikuwa umebeba nini?

Wanafunzi walipomwona kipofu wa kuzaliwa waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alisema si yeye wala si wazazi wake (Yohana 9:3). Jibu hilo litoshe kufunga midomo ya wanaotafuta laana katika kitanda cha mtoto.

Na sasa rudini Mathayo 19. Katika mstari wa 4, Yesu anathibitisha kwamba Muumba alifanya mume na mke. Katika mstari wa 12, mazungumzo hayohayo, anasema wapo matowashi waliozaliwa hivyo kutoka tumboni mwa mama zao. Mistari saba tu katikati. Bwana hakuona kwamba wa pili unavunja wa kwanza. Hakusema kwa kuwa wapo hao, basi mume na mke ni maneno matupu. Wala hakusema kwa kuwa Mungu aliumba mume na mke, basi hao hawapo. Aliyashika yote mawili bila kuhangaika. Mhadhiri ameshika mstari wa 12 peke yake. Sisi tumezoea kushika wa 4 peke yake.

Tusichanganye jambo hili na swali la mtu ambaye mwili wake uko wazi lakini moyoni anahisi vingine. Hilo ni somo lake, na linahitaji muda wa mazungumzo ya ana kwa ana. Kwa leo niseme tu: mtu akija na mzigo huo, milango yetu iko wazi, na asikutane na matusi wala kupigwa mlangoni pa nyumba ya Bwana.

6. FILIPO HAKULETA FOMU

Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia aliyeharibika viungo vya uzazi asiingie katika mkutano wa Bwana. Kisha Isaya 56 ikaahidi kwamba towashi anayelishika agano atapewa ndani ya nyumba ya Mungu jina lililo bora kuliko la wana na mabinti. Ahadi hiyo ilingoja miaka mingi.

Halafu Matendo 8. Mtu wa Kushi, mweusi, towashi, mkuu wa hazina, anatoka Yerusalemu kuabudu. Amesafiri safari ndefu hivyo, na kwa mwili wake sheria ilimweka nje. Yuko garini akisoma Isaya. Filipo anaanzia hapo, sura ya 53, kumhubiria Yesu. Na ahadi kwa matowashi iko sura tatu tu mbele, katika kitabu kilekile alichokishika. Wanafika penye maji. Yule mtu anauliza kuna nini cha kumzuia asibatizwe. Yeye alijua vizuizi vyote, alikuwa ameishi navyo. Filipo hakutoa fomu ajaze jinsia, kabila na rangi. Walishuka majini wote wawili.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA MSTARI

Unapoambiwa "Mungu ndiye aliyetenganisha", jiulize:

Kwanza, watu wote wakisahau mstari huu leo, je, utajirudia wenyewe? Mume na mke watajirudia. Kizuizi cha Shibolethi hakitajirudia mpaka mtu akisimamishe.

Pili, nani alichora, na nani anafaidika? Ukiona anayegawa shamba ndiye anayebaki na shamba, kuwa mwangalifu na maandiko anayonukuu.

Tatu, mstari unamfanya nini aliye juu yake? Mungu ana mipaka, lakini aliye mpakani anamtafuta kwa jina. Mstari unaodai uhai au heshima ya mtoto asiye na kosa haukuandikwa na Baba yetu.

TUFANYE NINI JUMA HILI

Mzazi, ukibarikiwa mtoto ambaye wakunga wanatazamana, usimfiche wala usikubali haraka akatwe. Mpeleke kwa daktari bingwa, na mwite mchungaji akusindikize. Mambo hayo yatakaa kati yetu.

Walimu wa shule ya Jumapili, acheni kumwambia mvulana anayelia kwamba amekuwa msichana. Yesu alilia.

Ndugu wenye mashamba ya baba, kabla ya kumleta mpimaji, someni Hesabu 27 mkiwa na dada zenu mezani.

Vijana wa chuo, msiogope darasa. Ulizeni: tunazungumzia unyevu, au tunazungumzia 13.5? Swali hilo litawafikisha mbali.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Taja jambo moja ambalo kwenu linaitwa "la wanaume" au "la wanawake". Je, linatoka Mwanzo 1 au linatoka kwa wazee?
2. Kwa nini Yesu aliyasema Mathayo 19:4 na 19:12 katika mazungumzo mamoja?
3. Je, kuna Shibolethi katika kanisa letu? Jina, lugha, mavazi, au kiti fulani?
4. Familia yenye mtoto huntha ikihamia mtaani kwetu, itajuaje kwamba hapa ni salama?

TUOMBE

Baba, wewe uliyetufinyanga tumboni mwa mama zetu, tunakushukuru kwa kazi ya mikono yako, mume na mke. Tupe ujasiri wa kufuta mistari tuliyoichora wenyewe tukatia sahihi yako. Walinde watoto waliofichwa vyumbani. Wape mama zao nguvu ya kufungua mlango, na utupe sisi moyo wa kuwapokea. Kwa jina la Yesu, Amina.